Mwalimu Solomon Eliufoo na Swali Lililoshinda Kilimanjaro

Tunapowafundisha watoto kujadiliana, mara nyingi twahimiza sauti na ufasaha, tukalisahau swali lenyewe. Maisha ya Solomon Eliufoo yatukumbusha jambo hilo.

Eliufoo alizaliwa Machame mwaka 1920. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akaendelea na masomo Marekani. Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa mawaziri.

Wakati huo Uchagani palikuwa na ubishi mkubwa. Mwaka 1951 Wachaga walikuwa wamemchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Chini yake walipata bendera yao na sikukuu yao ya tarehe 10 Novemba. Kumshambulia mtu wa namna hiyo kungewaudhi wengi. Eliufoo na wenzake hawakudai Wachaga wakae bila mkuu. Walitaka mkuu huyo awe rais wa kuchaguliwa. Kwa hiyo umoja wa Wachaga haukuguswa, na likabaki swali moja: mkuu atawale maisha yake yote, au arudi kwa watu kuomba kura?

Tumfikirie mpiga kura wa Kibosho. Zama za Mangi Sina, Kibosho na Machame walipigana vita. Tena Kibosho ni nchi ya Wakatoliki, na Eliufoo alikuwa Mlutheri. Mpiga kura huyo angeombwa kumpenda mtu wa Machame, huenda angesita. Lakini aliulizwa habari ya cheo, si ya mtu. Katika kura ya maoni ya mwaka 1960 walio wengi walitaka rais, na Eliufoo akashika cheo hicho. Baada ya uhuru aliongoza Wizara ya Elimu. Alifariki mwaka 1971.

Darasani, basi, tuanze mjadala kwa kuwaandikisha wanafunzi swali kwa sentensi moja. Kisha wataje yale ambayo pande zote mbili zinakubaliana, na anayemtaja mwenzake badala ya hoja asahihishwe. Mwisho pande zibadilishane. Lakini tusiishie hapo: swali fupi laweza pia kuficha mambo. Mtoto azoee kuuliza ni nini kilichoachwa nje, kwani kesho yeye ndiye mpiga kura.