Jackie Robinson, namba 42: kwa nini mimi wa Dodoma ni shabiki wa besiboli

Leo tuiweke kando kidogo ishu ya Simba na Yanga. Mimi ni shabiki wa besiboli, na naishi Dodoma. Najua mshaanza kucheka. Kijiweni kwetu Majengo wananiita Mmarekani, na sijaona kibanda umiza hata kimoja kinachoonyesha mchezo huo. Mechi ikianza saa moja jioni New York, huku kwetu ni saa nane usiku! Kwa hiyo nasubiri kukuche, naenda intaneti kafe kusoma matokeo, nikiwa na hela ya nusu saa.

Kwa wasioujua: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mpinzani wake anaupiga kwa fimbo nene, halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi alipoanzia, timu yake inapata pointi. Ukiwa mwepesi unaweza hata kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, wenyewe wanasema umekiiba. Bongo nako upo, wanafunzi wa sekondari wanaucheza tangu miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Lakini kilichonivuta mimi ni mtu mmoja aliyefariki zamani, Jackie Robinson.

Jamaa alizaliwa Januari 31, 1919 mji wa Cairo, siyo ile ya Misri, hii iko jimbo la Georgia, Marekani. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto watano. Baba aliikimbia familia. Mama yake, Mallie, akabeba watoto wote mpaka Pasadena, California, akawalea kwa kazi za ndani. Kaka yake Mack alishika nafasi ya pili mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens. Jackie naye alipofika chuo kikuu cha UCLA aliwakilisha chuo kwenye michezo minne.

Mwaka 1942 akachukuliwa jeshini, akapanda mpaka luteni. Julai 1944 huko Texas dereva wa basi akamwamuru ahamie viti vya nyuma kwa sababu ni mweusi. Akagoma. Akapelekwa mahakama ya kijeshi, akashinda kesi. Hapo pakumbukeni wadau: huyu hakuwa mtu wa kunyamaza.

Wakati huo ligi kuu ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 60 bila mchezaji mweusi. Weusi walikuwa na ligi zao, na 1945 Robinson alichezea Kansas City Monarchs. Agosti mwaka huo bosi wa Brooklyn Dodgers, Branch Rickey, akamwita ofisini. Alitaka mtu mwenye kipaji, ila pia atakayetukanwa asijibu. Ugomvi mmoja tu ungewapa wabaguzi sababu ya kufunga mlango tena. Robinson akakubali. Akacheza Montreal msimu wa 1946, na Aprili 15, 1947 akaingia uwanjani Brooklyn na jezi namba 42. Alikuwa na miaka 28.

Basi bwana, yaliyompata ni noma. Barua za kutishia kumuua. Hoteli zinamkataa. Baadhi ya wenzake kwenye timu hawakutaka kucheza naye. Kocha wa Philadelphia Phillies na wachezaji wake walimporomoshea matusi ya rangi mechi nzima. Yeye akajibu kwa miguu: msimu ule aliongoza ligi yake kwa kuiba vituo, mara 29, na akawa mchezaji mpya bora. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Sisi vijana tunaambiwa kila siku tuvumilie. Umemaliza kidato cha nne, umezungusha barua za kazi mpaka soli imeisha, mzee anakwambia subira yavuta heri. Subira ya Robinson ilikuwa na kazi maalumu, na ilikuwa na mwisho. Weusi wengine walipokwisha kuingia ligi, kuanzia 1949 alianza kufungua mdomo. Akabishana na marefa, akasema waziwazi kuhusu ubaguzi. Watu waliompenda akiwa kimya wakaanza kumwita mkorofi. Kumbe ni yuleyule wa kwenye basi.

Alibeba ubingwa na Dodgers 1955, akastaafu baada ya msimu wa 1956, akawa kiongozi katika kampuni ya kahawa. Hakuwa malaika: 1960 alimuunga mkono Nixon dhidi ya Kennedy, baadaye akajuta. Mwaka 1962 akawa mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli. Kisukari na moyo vikammaliza. Oktoba 1972, macho yakiwa karibu hayaoni, alisimama uwanjani siku ya kuenziwa, akasema anatamani kuona kocha mkuu mweusi. Siku tisa baadaye, Oktoba 24, akafariki. Alikuwa na miaka 53. Kocha huyo alikuja kuanza kazi 1975.

Na msidhani haya ni ya Marekani tu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anatafuta nauli ya kuwapeleka wanafunzi 81 wa Kenya kusoma Marekani, Robinson alikuwa mmoja wa waliotia saini barua ya kuwaombea michango. Safari zilizofuata zikabeba na wa Tanganyika. Halafu kuna hii: mwanawe David alihamia Tanzania miaka ya 1980, akalima kahawa Mbozi, siku hizi mkoa wa Songwe. Yaani kutoka hapa Dodoma unashuka Iringa, unapita Makambako na Mbeya, umefika.

Mwaka 1997 ligi kuu yote iliistaafisha namba 42. Kila Aprili 15 wachezaji wote wanaivaa. Kwa hiyo mkinicheka kijiweni nitaendelea kunyamaza, hiyo ni utani tu. Ila kwenye mambo ya maana, mtu avumilie mpaka lini, na akishaanza kusema nani atabaki naye? Mnasemaje wadau? Tuko pamoja.