Rube Foster: Mrushaji aliyewajengea Weusi ligi yao, akaugua kabla ya kuvuna

WASOMAJI wa Kachibora, Kitale na Bungoma waliopitia shule zetu za msingi hawahitaji maelezo marefu kuhusu besiboli. Ni binamu wa raundaz: mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hutimua mbio kutoka kituo hadi kituo akijaribu kurejea alikoanzia kabla hajatolewa. Tofauti ni kwamba nchini Marekani mchezo huo ni biashara kubwa, na kwamba kwa zaidi ya miaka 60 mlango wa biashara hiyo ulifungwa kwa kila mchezaji mwenye ngozi nyeusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu kimyakimya, na kuanzia miaka ya 1880 hadi 1947 maelewano hayo yakatosha.

Mtu aliyekataa kungoja mlango huo ufunguliwe, akaamua kujenga nyumba nyingine kando yake, ni Andrew Foster, ambaye dunia ya michezo inamkumbuka kwa jina la Rube.

Foster alizaliwa Septemba 17, 1879, katika mji wa Calvert, jimbo la Texas, eneo la wakulima wa pamba kama vile Kachibora ilivyo ya wakulima wa mahindi. Babake alikuwa mzee wa kanisa la Methodisti la Waafrika wa Marekani. Kijana huyo aliacha masomo baada ya darasa la nane, akajiunga na timu ya Waco Yellow Jackets na kuanza maisha ya kuzunguka na mpira mkononi. Alikuwa pandikizi la mtu, mrefu na mnene, na mkono wake wa kulia ulirusha mpira ambao wapigaji wengi waliuona umeshapita.

Mwaka wa 1902 alifika Chicago kuchezea Union Giants ya Frank Leland. Mwaka uliofuata alikuwa na Cuban X-Giants, timu ambayo licha ya jina lake ilikuwa ya Wamarekani Weusi, na katika mfululizo wa mechi za kuwania ubingwa dhidi ya Philadelphia Giants alishinda michuano minne yeye mwenyewe. Wapinzani waliotandikwa walifanya jambo la busara: walimchukua. Mwaka wa 1904 akaichezea Philadelphia Giants na kuiadhibu timu aliyoihama. Kuhusu jina la Rube, husimuliwa kwamba alilipata baada ya kumshinda mrushaji mashuhuri Mzungu, Rube Waddell. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu mechi yenyewe, lakini jina lilimganda.

Kipaji peke yake kisingemfanya mtu huyu aandikwe leo. Warushaji hodari walikuwepo wengi. Kilichomtofautisha Foster ni kwamba aliitazama pesa iliyoingia langoni akajiuliza inakokwenda.

Wakati huo timu za Weusi zilikuwa kama watoto yatima. Hazikuwa na ratiba wala kiwanja chao. Ziliishi kwa kuzurura mji hadi mji, zikicheza na yeyote aliyekubali, na ili kupata mechi katika kiwanja kizuri ilibidi zipitie kwa mawakala Wazungu. Katika miji ya mashariki wakala Nat Strong ndiye aliyeamua nani acheze wapi na arudi nyumbani na kiasi gani. Wachezaji nao walihama timu katikati ya msimu, wakimfuata yeyote aliyeongeza dola chache. Mashabiki wetu walioshuhudia klabu za soka zikisambaratika pindi mfadhili anapojitoa wataielewa hali hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Mwaka wa 1907 Foster alirudi Chicago kuichezea na kuinoa Leland Giants, akawabeba pia baadhi ya wenzake wa Philadelphia. Mnamo 1909 timu hiyo ilikabiliana na Chicago Cubs, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1907 na 1908. Walicheza mechi tatu na Cubs wakashinda zote. Ile ya pili ilimuuma Foster zaidi. Alikuwa ametoka tu kupona mguu uliovunjika, akaongoza kwa pointi kadhaa, kisha Cubs wakasawazisha dakika za mwisho. Foster alipokuwa akijadiliana na watu wake, akidhani mchezo umesimama, mchezaji wa Cubs alichomoka mbio akafika nyumbani na bao la ushindi likahesabiwa, 6-5. Malalamiko hayakufua dafu.

Hatimaye aliachana na Leland, na mwaka wa 1911 akaingia ubia na mfanyabiashara Mzungu, John Schorling, wakaanzisha Chicago American Giants. Walicheza katika kiwanja cha zamani cha White Sox katika mtaa wa 39, kilichobaki kitupu timu hiyo ilipohamia uwanja mpya mwaka wa 1910. Hapo ndipo ukocha wa Foster ulipochanua. Hakutegemea mapigo makubwa ya kuupeleka mpira nje ya uwanja. Aliwafundisha vijana wake kuugusa mpira taratibu kwa gongo ukadondoka karibu, kisha kukimbia kama waliofumaniwa, wakiiba kituo baada ya kituo hadi walinzi wa upande wa pili wakachanganyikiwa. Husimuliwa kuwa aliketi benchini na kiko mdomoni, na kwa moshi wake akawapa wachezaji ishara. Timu yake ilisafiri kwa behewa lake la treni, fahari isiyo ndogo katika nchi ambayo hoteli nyingi hazikumpokea Mweusi hata akiwa na fedha mkononi.

Halafu likaja jambo lenyewe. Februari 13, 1920, Foster aliwakutanisha wenye timu katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, Kansas City, jimbo la Missouri. Waandishi wa habari Weusi walikuwepo, nao ndio waliosaidia kuandika katiba. Hapo ikazaliwa Negro National League yenye timu nane: Chicago American Giants, Chicago Giants, Cuban Stars, Dayton Marcos, Detroit Stars, Indianapolis ABCs, Kansas City Monarchs na St. Louis Giants. Miongoni mwa wenye timu, J. L. Wilkinson wa Monarchs peke yake ndiye aliyekuwa Mzungu. Mechi ya kwanza ilichezwa Mei 2, 1920, mjini Indianapolis, ambapo ABCs waliwalaza Chicago Giants 4-2.

Foster alikuwa rais wa ligi na pia mwenye timu iliyoshiriki ligi hiyo. Alikata asilimia 5 ya mapato ya langoni, akapanga ratiba, akaamua mchezaji gani aende wapi. Ili timu zisizidiane mno, alimwachia Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora wa enzi hizo, arudi Indianapolis. Timu ilipokwama ugenini bila nauli, ni yeye aliyetuma fedha, mara nyingi kutoka mfukoni mwake. Mwaka wa 1923 aliajiri waamuzi Weusi, ili ajira hiyo nayo ibaki kwa watu wake.

Hata hivyo, American Giants walitwaa ubingwa mwaka wa 1920, 1921 na 1922, na wenzake wakaanza kunung'unika. Walidai kuwa ratiba iliipendelea Chicago na kwamba ile asilimia 5 ilikuwa nzito. Kwa maoni yangu manung'uniko hayo hayakuwa ya husuda tupu. Mtu hawezi kuwa mchezaji wa bao na pia mwamuzi wa bao hilohilo, hata akiwa mwadilifu vipi. Lakini ni vigumu pia kumtaja mwingine aliyekuwa tayari kuubeba mzigo ule.

Mwishoni mwa 1922 timu za mashariki zikaunda ligi yao na kuanza kuwanyakua wachezaji wa Foster. Baada ya mvutano, pande hizo zilipatana, na mwaka wa 1924 ukachezwa mfululizo wa kwanza wa ubingwa kati ya ligi mbili za Weusi. Kansas City Monarchs waliishinda Hilldale kwa mechi tano dhidi ya nne, moja ikiisha sare.

Afya ya Foster haikumpa nafasi ya kuona mengi zaidi. Mwaka wa 1925, akiwa Indianapolis, alikutwa amezirai chumbani kwa sababu ya gesi iliyovuja. Alinusurika, ila mwaka uliofuata akili yake iliyumba, na familia na marafiki hawakuwa na budi ila kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, Illinois. Timu yake, ikiongozwa na mwanafunzi wake Dave Malarcher, ilishinda ubingwa mkuu mwaka wa 1926 na 1927. Yeye alikuwa nyuma ya kuta za hospitali.

Alifariki humo Desemba 9, 1930, akiwa na umri wa miaka 51. Maelfu walijitokeza Chicago kumuaga. Ubia wake na Schorling ulikuwa umejengwa juu ya kuaminiana kuliko karatasi, na timu iliuzwa mwaka wa 1928 bila mkewe, Sarah, kufaidika. Ligi nayo ilidumu mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, ikavunjika mwaka wa 1931 wakati uchumi ulipoporomoka.

Ligi nyingine yenye jina lilelile ilianzishwa mwaka wa 1933, na ni kutoka Kansas City Monarchs, mojawapo ya zile timu nane za awali, ambako Jackie Robinson alichukuliwa mwaka wa 1945 kabla ya kuvunja ubaguzi mwaka wa 1947. Foster aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli mwaka wa 1981, na ndugu yake wa baba mmoja, mrushaji Willie Foster, akamfuata mwaka wa 1996. Desemba 2020 wasimamizi wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu kama zile nyingine, na mwaka wa 2024 takwimu za wachezaji wake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Kiwanja cha mtaa wa 39 hakipo. Kiliungua mwaka wa 1940, na mahali pake pakajengwa nyumba za kupangisha za serikali.