Kazadi Mwamba, golikipa wa mataji manne aliyetolewa uwanjani dakika ya 21

Kutoka Lubumbashi hadi Nyangwe, mtu akitaja timu ya Zaïre ya mwaka wa 1974 mwingine hujibu haraka: 9–0. Wachache hukumbuka kwamba golikipa aliyeanza mechi hiyo hakuimaliza, na kwamba alipokwenda Ujerumani tayari alikuwa ameshinda kila kombe kubwa la Afrika.

Robert Kazadi alizaliwa mwaka wa 1947. Alijulikana katika lango la Englebert ya Lubumbashi, klabu ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwanzoni mwa miaka ya 1970, jina la Robert likaachwa, akabaki Kazadi Mwamba.

Englebert ya wakati ule iliogopwa barani kote. Ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika miaka minne mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970. Mwaka wa 1967 ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakufika, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka uliofuata Englebert iliifunga Étoile Filante ya Togo na kuwa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo. Fainali mbili zilizofuata ilipoteza: moja mbele ya Ismaily ya Misri, nyingine mbele ya Kotoko hao hao, waliokuja kulipiza kisasi Kinshasa.

Katika timu ya taifa mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza 1968, kule Addis Ababa, Kongo ilikutana na Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ghana ilikuwa imelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Kalala alifunga goli moja, na Kazadi, aliyekuwa bado na miaka 20, akalilinda hadi filimbi ya mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kuwa bingwa wa Afrika.

Ubingwa wa pili ulikuja mwezi wa tatu 1974, kule Misri. Fainali na Zambia iliisha 2–2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Zaïre ikashinda 2–0, magoli yote mawili ya Ndaye Mulamba. Tayari timu hiyo ilikuwa imepata nafasi ya Kombe la Dunia kwa kuifunga Morocco 3–0 mjini Kinshasa. Hakuna nchi yoyote ya kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika huko kabla yake.

Kule Ujerumani Magharibi, mechi ya kwanza haikuwa mbaya. Tarehe 14 mwezi wa sita, Scotland ilishinda 2–0 tu. Shida ilianza hotelini. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walipata habari kuwa pesa walizoahidiwa zimeliwa na wakubwa waliosafiri nao, wakataka kugoma. Walikubali kucheza, lakini roho zao zilikuwa zimevunjika.

Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, walikutana na Yugoslavia, nchi ya kocha wao Blagoje Vidinić. Hadi dakika ya 18, Kazadi alikuwa amefungwa mara tatu. Dakika ya 21 akaitwa atoke, na kipa wa akiba, Tubilandu, akaingia. Dakika moja haikupita vizuri, goli la nne likaingia. Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa zamani, mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1960, na watu wengi hawakuelewa mtu kama huyo angewezaje kumtoa kipa wake bora mapema hivyo. Tetesi zilienea kwamba ameuza mechi kwa ndugu zake. Yeye alieleza baadaye kwamba amri ilitoka kwa mjumbe wa serikali aliyefuatana na timu. Kwa vyovyote, kati ya magoli tisa, sita yaliingia Kazadi akiwa nje.

Siku nne baadaye alirudishwa langoni kuikabili Brazil, mabingwa wa dunia. Kwa masimulizi ya wachezaji, watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha: wakifungwa zaidi ya magoli matatu, wasirudi nyumbani. Brazil ilihitaji ushindi wa magoli matatu ili iipite Scotland. Jairzinho alifunga mapema, Rivelino akaongeza la pili. Dakika ya 79, shuti la Valdomiro kutoka pembeni lilipita chini ya mwili wa Kazadi. Goli hilo liliivusha Brazil na kuirudisha nyumbani Scotland, ambayo haikuwa imepoteza mechi hata moja. Mechi iliishia 3–0, na wachezaji wa Zaïre wakaweza kurudi kwao.

Kazadi alifariki mwaka wa 1996. Kwa watu wa Mashariki, mwaka huo unakumbukwa zaidi kwa vita vya AFDL. Miezi michache baadaye, jina la Zaïre, ambalo aliliwakilisha mbele ya dunia, nalo likafutwa.

Kijana anayesimama leo kati ya miti miwili ya goli, awe Kasongo, Kabambare au Nyangwe, ataendelea kusikia habari za 9–0. Inafaa asikie na hesabu nyingine. Kongo imekuwa bingwa wa Afrika mara mbili tu, 1968 na 1974. Mara zote mbili, kipa alikuwa Kazadi. Kombe la tatu bado linasubiriwa.