Wawili Ni Mkutano

Mtu wa Mkwiro atakaye kuacha pombe aweza kudhani kwamba msaada u ng'ambo ya bahari tu. Na ayatazame maisha ya Mmarekani William Wilson.

Alizaliwa mwaka 1895. Ulevi ukamharibia kazi yake ya hisa. Aliacha Desemba 1934. Mei 1935, biashara ilipomwendea kombo mjini Akron, alishikwa na uchu. Hakuingia baa, alipiga simu akimtafuta mlevi mwenziwe. Akakutanishwa na daktari Robert Smith, wakazungumza kwa saa kadhaa. Hapo ndipo kilipoanzia chama cha Alcoholics Anonymous. Alifariki mwaka 1971 pasipo kuirudia chupa.

Basi, walimu na wanafunzi, tusimcheke mlevi anayemtafuta mwenziwe. Wawili wakikaa barazani, wakaambizana kweli na kutunziana siri, mkutano umekwisha kufunguliwa.