Allen Hazen na Maji ya Tope

Allen Hazen alizaliwa mwaka 1869 huko Vermont, nchini Marekani. Alisomea kemia, na mwaka 1888 akaanza kazi katika kituo cha majaribio ya maji mjini Lawrence. Wakazi wa mji huo walikunywa maji ya mto uliotiwa uchafu na miji ya upande wa juu, na wengi walikufa kwa homa ya matumbo. Mwaka 1893 maji yao yalianza kuchujwa kwa mchanga, na vifo vikapungua sana.

Lakini tope jingi huziba mchanga. Kwa hiyo maji hutulizwa kwanza tangini ili tope litue. Je, tangi lenye kina kirefu husafisha maji zaidi? Mwaka 1904 Hazen alionyesha kuwa jambo kubwa si kina, bali ni eneo la sakafu ambapo tope hutua. Tangi lenye sakafu mbili, moja juu ya nyingine, laweza kusafisha maji maradufu. Taabu ilikuwa kuliondoa tope juu ya sakafu hizo.

Hazen alifariki mwaka 1930. Siku hizi mitambo mingi ya maji hutumia vibao vilivyoinamishwa. Tope huteleza lenyewe hadi chini, na tangi dogo husafisha maji mengi kwa muda mfupi.