Mcheza Kwao Hutunzwa: Maisha ya Frank Meadow Sutcliffe

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Ningeweza kuchagua mfalme au jemadari, kwani hao ndio tunaowasoma sana darasani. Lakini mimi, mbali na kufundisha historia, ndiye msimamizi wa chama cha wapiga picha hapa shuleni. Kila mwaka nikiwauliza wanachama wapya wangependa kupiga picha za nini, hunijibu kwamba hapa petu hakuna kitu. Vitu vizuri viko katika miji mikubwa na ng'ambo. Kwa ajili ya hao nimemchagua Frank Meadow Sutcliffe, mpiga picha wa Whitby, mji mdogo wa wavuvi huko Uingereza.

Sutcliffe alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1853, mahali paitwapo Headingley, karibu na mji wa Leeds katika jimbo la Yorkshire. Baba yake, Thomas, alikuwa mchoraji wa picha za rangi. Frank alikuwa mkubwa katika watoto wanane. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani mjini Leeds kwa muda mfupi, lakini kushinda mezani na madaftari hakukumwingia moyoni. Kitu alichokipenda ni kamera.

Yafaa wasomaji wajue kamera ya siku zile ilikuwa kitu gani. Leo mtu mwenye simu hupiga picha kabla hajamaliza kupepesa jicho. Kamera ya Sutcliffe ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililosimamishwa juu ya miguu mitatu. Hapakuwa na filamu. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakimwagia dawa yenye kunata, akakichovya gizani katika maji yenye dawa ya fedha, kisha akakitia katika kamera kingali kibichi. Aliyepigwa picha ilimpasa atulie kwa sekunde kadhaa, na mara baada ya hapo kioo kilisafishwa gizani kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kupiga picha mbali na nyumbani alibeba vioo, chupa za dawa, na hema la giza pia.

Karibu na mwaka 1870 jamaa ya Sutcliffe ilihamia Whitby, ufukoni mwa Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1871 baba akafariki. Frank alikuwa na umri wa miaka 18 tu, naye ndiye mkubwa. Wanafunzi waliowahi kufiwa na mzazi wanafahamu neno hilo lina uzito gani. Tangu siku hiyo kamera haikuwa tena mchezo wa kijana. Ilikuwa chombo cha kumlisha mama na wadogo zake.

Alipata kwanza kazi kwa Francis Frith, mfanya biashara mkubwa wa picha, akatumwa kupiga picha za ngome na magofu ya nyumba za watawa katika Yorkshire. Mwaka 1873 alimpiga picha John Ruskin, mwandishi mashuhuri wa siku hizo. Kisha akaoa binti wa fundi viatu wa Whitby, na kama vijana wengi, akaona kwamba riziki iko mbali. Mnamo mwaka 1875 alikwenda Tunbridge Wells, mji wa matajiri kusini ya Uingereza, akafungua studio huko. Biashara ilianguka. Baada ya muda usiozidi mwaka mmoja hivi akarudi Whitby na mkewe, mikono mitupu.

Hapa ndipo nawaomba wanafunzi wasome kwa makini, maana mtu huyu hakukaa chini akalia. Mji wa Whitby ulikuwa na jiwe jeusi liitwalo jeti, ambalo mafundi walilichonga mapambo ya kuvaliwa wakati wa matanga. Biashara hiyo ilisitawi sana baada ya mwaka 1861, Malkia Victoria alipofiwa na mumewe. Lakini mitindo hubadilika, na karakana nyingine zikaachwa tupu. Sutcliffe alichukua karakana moja ya jeti isiyotumika, katika kichochoro kiitwacho Waterloo Yard, akaifanya studio yake. Huko aliwapiga picha wageni waliofika kwa gari la moshi kupumzika pwani wakati wa kiangazi. Walivaa nguo zao bora, wakakaa wima, wakalipa, wakaenda zao. Hiyo ndiyo kazi iliyompa chakula.

Kazi hiyo ilimbana sana. Hakuweza kusafiri, kwa kuwa msimu wa wageni ndio huo huo msimu wa jua zuri. Mwenyewe alijiona kama mtu aliyefungwa kwa mnyororo ambao urefu wake ni maili moja au mbili tu. Mwingine angeulaani mnyororo huo. Yeye aliamua kukitazama vizuri kila kitu kilichokuwa ndani ya urefu wake. Asubuhi na mapema, na kila alipopata nafasi, aliibeba kamera yake akashuka bandarini kupiga picha ambazo hakuna mtu aliyemtuma wala kumlipa.

Alipiga picha gani? Wazee wavuvi wenye sweta nzito za sufu wakizungumza gatini. Wanawake wakitoa kome katika magamba na kuwatia kama chambo katika ndoana za mishipi mirefu, kazi ya baridi na ya kuumiza vidole. Mashua zikirudi na samaki waitwao heringi. Wakulima wakila chakula cha mchana karibu na farasi wao. Watoto wameegemea ukuta wa gati, wanachungulia maji. Mto Esk ukipita katikati ya mji wenye ukungu na moshi wa asubuhi. Aliweza kurudi mahali pamoja mara nyingi, akingojea mwanga autakao. Na kwa sababu aliwajua watu wale kwa majina yao, walitulia mbele ya kamera bila kujifanya watu wengine.

Miongoni mwao alikuwa Henry Freeman. Mwezi wa Februari 1861 dhoruba kali ilivunja vyombo vingi pwani ya Whitby. Mashua ya waokoaji ilitoka tena na tena siku ile moja, na mwisho ikapinduka. Katika watu 13 walikufa 12. Aliyepona ni Freeman, ambaye peke yake alikuwa amevaa koti la kuelea la namna mpya, lililotengenezwa kwa vipande vya gamba jepesi la mti. Miaka mingi baadaye Sutcliffe alimpiga picha akiwa amevaa koti kama hilo. Mtu akiutazama uso ule, anaelewa bila kuelezwa kwamba mkate wa Whitby ulitoka baharini, na bahari ilidai malipo yake.

Picha iliyomletea Sutcliffe sifa kubwa, na matata pia, ilipigwa mwaka 1886. Ilionyesha wavulana wakiogelea uchi na kucheza kando ya mashua bandarini, kama wachezavyo watoto wa pwani popote duniani. Aliiita Water Rats, yaani Panya wa Maji. Viongozi wa kanisa mjini waliikasirikia, wakasema itapotosha vijana, wakamtenga. Katika mji mdogo ambapo riziki ya mtu hutegemea jina lake, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini picha hiyo ilipata medali, na mwana wa Malkia, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, aliagiza nakala kubwa yake. Maisha yake yote Sutcliffe alipata medali zaidi ya 60 katika maonyesho, na mwaka 1892 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Linked Ring, ambacho shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba kupiga picha ni sanaa.

Wakati huo ufundi nao ulikuwa ukiendelea. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak, ndogo ya kushikwa mkononi, yenye filamu ya kuzungushwa iliyotosha picha 100. Katika miaka ya 1890 Sutcliffe alipewa kamera za Kodak azijaribu. Mzee wa vioo vizito hakuzidharau. Sasa aliweza kuwapata watu wakitembea na kucheka, bila kuwaomba watulie.

Kuanzia mwaka 1908 aliandika kila juma katika gazeti la Yorkshire Weekly Post, akiwafundisha wengine kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Alipoacha studio katika miaka ya 1920 alikabidhiwa kazi ya kutunza makumbusho ya mji wa Whitby. Alifariki tarehe 31 Mei, 1941, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa Aislaby, karibu na mji huo huo.

Basi, wapenzi wasomaji, tumpime mtu huyu. Wale wageni waliolipa studioni karibu wote wamesahauliwa. Wavuvi maskini, ambao hawakulipa hata senti, ndio wanaotazamwa hadi leo. Mashua za matanga zimetoweka, na kazi ya jeti haikurudi tena katika ukubwa wake wa kwanza. Lau Sutcliffe angengojea mpaka apate nauli ya kwenda mahali penye sifa, tusingejua mwanamke wa Whitby alishikaje kisu chake alipofungua kome. Mimi nafundisha historia, nami nasema kwamba vioo vyake vinanifundisha mambo ambayo vitabu vingi vimeyaacha.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa chama chetu, na nyinyi wazazi mnaowanunulia kamera, tazameni yule anayesuka mkeka uani, na yule fundi anayeshona viatu chini ya mwembe. Tazameni wanawake wanaotoka kisimani, na mzee anayetengeneza wavu wake. Hao nao hawatakuwapo siku zote. Muhula ujao ukuta wa maktaba utakuwa wazi kwa maonyesho yetu, na picha nitakazozipokea ni zile zilizopigwa ndani ya maili mbili kutoka lango la shule.