Alfayo Odongo Mango: shemasi aliyekataa kukimbia

Kama umewahi kungoja matatu ya Kericho pale steji ya Awasi siku ya Jumapili, bila shaka umewaona watu wa Roho: kanzu nyeupe, misalaba myekundu, ngoma. Mimi nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Nyanya yangu ni mmoja wao. Mwaka huu amekataa kusafishwa damu hospitalini, anataka kufia kwake. Baba zangu wadogo wamegawanyika, wengine wanasema huko ni kujiua, kwa hivyo ni dhambi. Yeye amewajibu kwa jina moja tu: Mango.

Huenda humjui. Alfayo Odongo Mango alikuwa Mluo wa ukoo wa Kager, kule Musanda, upande wa Mumias. Wakoloni waliliweka eneo hilo chini ya Chifu Mumia wa Wawanga, na Wakager wakajikuta wanahesabiwa wageni. Mango alisomea dini Frere Town, Mombasa, na mwaka 1927 akafanywa shemasi wa Kianglikana. Shemasi, sawa, lakini hakunyamazia suala la ardhi. Tena ibada zake zilikuwa moto: watu wananena kwa ndimi, wanatabiri, na wanawake wako mstari wa mbele. Wamisionari hawakupendezwa hata kidogo.

Jumapili ya 21 Januari 1934, umati wa Wawanga ulivamia boma lake na kuchoma nyumba. Mango alifia humo. Jamaa yake Lawi Obonyo na wafuasi wengine waliuawa pia.

Sasa sikiliza. Wafuasi wake husimulia kwamba alikitabiri kifo hicho, na kwamba angeweza kuondoka ila hakutaka. Je, alijiua? Kukimbia si dhambi, maana Yesu aliwaruhusu wanafunzi wakiteswa mji mmoja waende mwingine, na Paulo alitoroka Dameski ndani ya kapu. Lakini Yesu huyohuyo alibaki Gethsemane. Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Algeria ya leo, alishikilia kwamba Mkristo hana ruhusa ya kujitoa uhai, hata akikimbia aibu. Ila hakuwahesabu mashahidi wa imani kuwa watu waliojiua. Mango hakuwasha kiberiti. Alikataa kuhama tu. Mimi naona hapo pana tofauti kubwa, hata kama baba zangu hawaioni.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: watu wa Roho huamini kifo chake kiliwafungulia Waafrika mbingu. Basi waliochoma walikuwa wanatimiza mpango wa Mungu? Siwezi kukubali, bana. Yuda naye alitabiriwa, na bado zile fedha alizipokea kwa mkono wake mwenyewe. Ugomvi wa ardhi uliwakasirisha wale watu, lakini kila mmoja aliyeshika moto angeweza kugeuka arudi kwake.

Nyanya naye si Mango kabisa, najua. Hakuna umati mlangoni kwake, kuna figo zilizochoka. Lakini nimemwambia baba mdogo aache kutumia neno kujiua mbele yake, na akanikasirikia, eti kijana aliyeacha chuo atamfundisha nini Biblia.

Kila Januari waumini huenda Musanda kumkumbuka Mango. Nyanya ameomba tumpeleke. Nimeanza kuuliza bei ya gari ambalo ataweza kulala.